Mkono wa Kushoto wa Dada Yangu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliofunga kazi zenu leo kuja kumsindikiza mpendwa wetu, mimi niliyesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, ziwa moja, na jukumu la kuisoma historia yake nimepewa na watoto wake watatu, ambao jana mchana walikaa wakaiandika karatasi hii nzuri yenye tarehe zote, kisha mkubwa wao akaniambia, "Mama mdogo, soma wewe, sisi tutalia," kana kwamba macho yangu mimi ni ya mbao. Nitaisoma kama ilivyoandikwa, ila pana mahali karatasi imepita mbio, na hapo nitaomba ruhusa yenu nisimame kidogo, kwa sababu aliyelala hapa alinijua vizuri mno, na sitaki kumzika kwa uongo, nilishamdanganya mara moja na inatosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mchomeleaji wa mabehewa, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya bweni la wafanyakazi. Mimi nilimfuata tarehe 2 Mei 1953, na wa tatu hakuja. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku niliyozaliwa dada aliletwa anione, akanitazama sana, akauliza, "Huyu anaondoka lini?" Nami tangu nilipopata akili nilikuwa nikijiuliza swali hilohilo juu yake, maana alikuwa amejaliwa kila kitu kabla yangu, urefu, nywele, meno yaliyopangana, na zaidi ya yote sauti, sauti nzito kidogo, tulivu, isiyo na haraka, ambayo ukiisikia unatafuta pa kukaa. Baba akirudi kazini alikuwa akisema, "Mwambieni mkubwa anisomee gazeti," na mimi, ambaye kusoma nilikuwa najua vilevile, nilikuwa nikipewa viatu vyake nivipange.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1968, akafaulu vizuri. Karatasi inaishia hapo. Mimi naongeza kwamba mwaka 1967 nami nilifaulu, lakini uwezo wa nyumba ulikuwa wa mtoto mmoja, na mtoto huyo alishakuwa darasani, kwa hiyo mimi nikapelekwa kwa fundi cherehani, na kazi ya kwanza niliyoachiwa nishone peke yangu bila kusimamiwa ilikuwa sketi ya shule ya dada yangu. Niliishona vizuri. Nililia, lakini niliishona vizuri.

Januari 1969 alijiunga na mafunzo ya waendesha simu, na tarehe 3 Februari 1970 akaajiriwa katika swichibodi ya makao makuu ya reli, ambako alifanya kazi miaka thelathini na minne bila kupewa hata onyo moja la mdomo. Waliofanya naye kazi wako hapa, wanakijua kile chumba cha ghorofa ya pili kisicho na dirisha, ubao uliojaa matundu, nyaya zenye ncha za shaba, na vile visikizio vilivyomwachia alama kichwani ambayo haikufutika hata baada ya kustaafu. Watu waliopiga simu hawakumjua sura, walimjua kwa neno lake, "Subiri kidogo, nakuunganisha," wakamwita Bi Subiri, na wapo mabwana wakubwa waliopiga kuuliza saa ilhali saa walikuwa wamezivaa mkononi. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2004, wakati nyaya zilikuwa zimeshaondolewa na mashine inajibu yenyewe, na siku ya kumuaga meneja mmoja alisema mashine ile haijui kusubirisha mtu akaridhika.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na shemeji yangu, fundi wa mita za maji, na hapa karatasi inasema walikutana kikazi, jambo ambalo ni kweli lakini ni kweli fupi. Ukweli mrefu ni kwamba bwana yule alianza kuja kwenye kibanda changu cha kushonea, akaleta suruali ipunguzwe, akairudisha iongezwe, akairudisha tena ipunguzwe, mpaka mimi nikaanza kuweka kitana ndani ya droo ya cherehani. Kisha siku moja bomba lilipasuka karibu na stesheni, akapiga simu makao makuu ya reli, sauti ikamwambia asubiri kidogo, naye akasubiri hadi alipoingia kaburini tarehe 22 Juni 2011. Suruali yake ya harusi niliishona mimi, na kama yupo aliyegundua siku ile kwamba mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, leo ameijua sababu.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni huyu fundi umeme aliyezaliwa 1978, wa pili ni binti yetu nesi, aliyezaliwa 1981, anayefanya kazi ng'ambo na aliyefika jana asubuhi, na wa tatu ni mwalimu, aliyezaliwa 1986, na wajukuu ni watano. Mimi niliolewa na dereva wa lori, akanitangulia mapema, na hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hawa watatu wakaniita mama mdogo, na kila walipoumwa jino walikuja kwangu na kila walipofaulu mtihani walikwenda kwa mama yao.

Sasa naingia kwenye ugonjwa, na hapa ndipo karatasi imepita mbio.

Jumanne tarehe 6 Machi 2018, saa moja asubuhi, dada alikuwa amesimama jikoni kwake anachemsha maji ya chai, kikombe kikamtoka mkononi, akainama akiokote, asiinuke. Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wake wa kulia na mguu wa kulia, na juu ya hayo kikachukua sauti. Alilazwa siku ishirini na tatu, na aliporuhusiwa tarehe 29 Machi mimi nilifunga kibanda changu, nikahamia kwake, ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nane, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo na cherehani yangu. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ninayoyasema sijapata kuyasema hadharani. Nilipokuwa nazipanda zile ngazi nilikuwa na huzuni ya kweli, lakini chini kabisa ya ile huzuni palikuwa na kitu kingine kidogo kinachong'aa, kikisema, sasa atanihitaji mimi.

Dada alikuwa anasikia kila neno na kuelewa kila neno, lakini yeye akifungua mdomo lilikuwa likitoka "ta, ta, ta" tu, na mtu aliyelelewa na sauti yake mwenyewe akisikia hivyo anafunga mdomo asiufungue tena. Aligeukia ukuta. Chakula alikula vijiko vitatu. Binti yake alipopiga simu kutoka ng'ambo nilimwekea sikioni, akaisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka. Mimi nilikaa naye kutwa nikimwambia, "Dada, sema 'chai'. Sema tu 'chai'. Sema 'mdogo wangu'," na yeye ananitazama kama mtu anayetazama mvua.

Daktari wake, ambaye yuko hapa, alikuja kumwona mwishoni mwa Aprili, akamkagua mkono, akavuta kiti akakaa karibu, akamwambia yeye mwenyewe, si mimi, "Mama, mkono umelala, lakini naona na moyo nao umelala. Tukiuamsha mkono peke yake, hautaamka. Hii huzuni ni sehemu ya ugonjwa, nayo ina matibabu yake." Akamwandikia dawa za sonona, na akatuelekeza kwenye kundi la mazoezi la wazee waliopata maradhi kama yake, Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, katika ukumbi ulio nyuma ya dobi ya hospitali.

Tulikwenda mara ya kwanza Jumanne tarehe 8 Mei 2018, dada akiwa amebebwa juu ya kiti chake na majirani zetu wawili wa ghorofa ya chini, fundi viatu na muuza vitabu, ambao tangu siku hiyo walimshusha na kumpandisha mara mbili kwa wiki bila kuombwa tena. Ule ukumbi una joto la pasi na harufu ya sabuni, madirisha yana mvuke, ukutani kuna bomba la kushikilia na kioo kirefu, na katikati kuna meza yenye vifungo, kufuli, mabomba ya maji yasiyotoa maji, na beseni la unga. Mtaalamu wa mazoezi ni dada mmoja mfupi mwenye raba nyeupe, wazee wanamwita Kocha, na kila anayeingia humuuliza swali moja tu, haulizi kinachouma, anauliza, "Ni kitu gani kimoja unataka kukifanya tena?" Mzee mmoja alisema anataka kujifunga kamba za viatu, mwingine akasema anataka kumfukuza mkwewe nyumbani kwake, Kocha akaandika yote mawili. Dada hakujibu. Alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo akaja kukaa karibu naye mwanamke mmoja mnene, mwenye kicheko cha kutingisha madirisha, aliyefanya kazi kiwanda cha mikate miaka ishirini na saba na ambaye kila mtu anamwita Mama Tanuri. Yeye kiharusi kilimpiga upande wa kushoto miaka miwili kabla. Hakusema "pole", hakusema "sema". Aliuvuta mkono wa kushoto wa dada yangu, ule mzima, akautia ndani ya beseni la unga, akautia na wake wa kulia, akasema, "Mkono mmoja haulei mwana, wala haukandi unga. Wewe unao wa kushoto, mimi ninao wa kulia, tukiunganisha tunapata mtu mmoja mzima. Kanda."

Na dada akakanda.

Wiki ile akakanda, na wiki iliyofuata, wamekaa bega kwa bega kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili, Mama Tanuri anasema peke yake bila kuchoka, na dada anatikisa kichwa. Nyumbani alianza kula. Aliacha kugeukia ukuta. Siku za Jumanne alikuwa ameamka kabla yangu, amekaa kitandani, ananyoosha kidole kwenye gauni alitakalo. Mtu mwenye moyo safi angeshukuru. Mimi nilikuwa namvalisha lile gauni na wivu umenikaa kooni kama mfupa wa samaki, kwa sababu gauni lenyewe nimelishona mimi, na anayevaliwa ni mwingine.

Jumanne tarehe 17 Julai nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai, Mama Tanuri anamimina maji kwenye unga, anamimina huku anapiga soga, na unga unaanza kuwa uji, na nikamsikia dada yangu, kwa ile sauti yake ya zamani, nzito, isiyo na haraka, akisema, "Basi!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Kocha aliruka. Yule mzee wa kamba za viatu alipiga fimbo chini. Mama Tanuri alilia na kucheka kwa pamoja, akimbusu dada yangu kwa midomo yenye unga, na mimi nilibaki pale mlangoni, miezi minne ya "sema chai, dada" imenijaa kifuani, nikahisi nimeibiwa mchana kweupe. Nilipiga makofi. Mikono ilipiga makofi, lakini mimi sikuwemo.

Maneno yakaanza kuja, moja moja, na yote yakija ukumbini. "Mbaya," kwa mkate ulioungua. "Nenda," kwa Mama Tanuri aliyempiga kikumbo. Nyumbani, kwangu mimi, alikuwa ananyoosha kidole tu. Nikaja nikagundua jambo, kwamba nyumbani hakuwa na haja ya kusema, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaleta kabla hajataka. Ningeweza kuacha. Sikuacha. Nilizidisha.

Tarehe 4 Septemba 2018, siku ya Jumanne, dada akiwa ameshakaa kitandani na gauni la bluu mapajani, nilimwambia, "Leo hatuendi, dada. Ukumbi unapakwa rangi." Kocha nilimpigia simu nikamwambia mgonjwa ana mafua. Majirani nao nikawaambia ukumbi unapakwa rangi, wapumzishe migongo. Na uongo huo nikauishi wiki tano. Nilimlisha kwa mkono wangu, nilimfunga kila kifungo, nilimpangusa mdomo kabla haujachafuka, nilimkandia mkono wake uliolala asubuhi na jioni, na kwa nje ungesema, mtazame yule mdogo mtu anavyojitolea. Ndani yake nilikuwa namfunga kamba. Ule mkono ulianza kujikunja upya kama jani kavu. Vijiko vikarudi kuwa vitatu. Wiki ya nne aligeukia ukuta, nami nikamsikia akijaribu taratibu peke yake, "ta, ta," yale maneno aliyokuwa ameyapata yamempotea, na bado, Mungu anisamehe, bado sikusema.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya ngazi thelathini na nane. Alhamisi tarehe 11 Oktoba, saa saba mchana, nilisikia kitu kinaburuzika nje, nikafungua mlango, nikamkuta Mama Tanuri amekaa kwenye ngazi ya mwisho, kijasho kimemlowa mpaka kifuani, fimbo mapajani. Alikuwa amepanda kwa kukaa, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine, saa nzima na robo, kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Fundi viatu alitaka kumbeba, akamfukuza.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliingia, akakaa kando ya kitanda, akapata pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wetu, huko chini wameniambia ukumbi unapakwa rangi. Rangi gani? Maana mimi natoka huko sasa hivi, kuta ni zilezile chafu."

Dada aligeuka kutoka ukutani, taratibu, akanitazama mimi, akamtazama mwenzake, akanitazama tena, na nikaona anatafuta, anatafuta kwa mdomo na kwa paji la uso, mpaka akalipata.

"Mwongo," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi tangu augue. Miezi saba niliomba anipe neno langu mwenyewe, naye akanipa, na lilikuwa langu kweli.

Nilikimbilia jikoni. Mama Tanuri alinifuata, fimbo na mguu, fimbo na mguu, akajiegemeza kwenye kabati la vyombo. Nilimwambia yote, nikamwambia kuhusu gazeti la baba na sketi ya shule na suruali, nikamwambia, "Nina wivu na wewe mpaka silali. Mimi ndiye namwogesha, wewe ndiye unaongea naye." Nilitegemea anitukane, na angekuwa na haki.

Mama Tanuri akasema, "Wewe unanionea wivu mimi? Mimi nikitoka pale ukumbini narudi kwenye chumba, nafungua mlango kwa meno kwa sababu mkono umeshika fimbo, na ndani hakuna mtu. Ninamwangalia mwenzangu anavyosubiriwa mlangoni na chupa ya chai, natamani kulia. Leo nimesikia kuna mtu amemdanganya ukumbi unapakwa rangi ili tu abaki naye nyumbani. Mimi sina hata wa kunidanganya."

Ndugu zangu, tulikunywa chai siku hiyo watu watatu, na dada hakunitazama hadi kikombe cha pili.

Jumanne iliyofuata nilimrudisha, nikamweleza Kocha ukweli. Hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikalie mikono yangu, kweli, niikalie, kisha akampa dada blauzi yenye vifungo sita. "Mama mdogo," akaniambia, "wewe mpe muda, usimpe mkono." Vifungo sita vilichukua dakika arobaini na tano kwa mkono wa kushoto. Mimi ni fundi, nimefunga vifungo maelfu, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa tu. Cha mwisho kilipoingia kilikuwa kimeingia tundu lisilo lake, blauzi imekwenda upande, na dada akanitazama kwa kiburi cha zamani, nikajua amerudi.

Nyumbani nikajifunza kuchelewa. Nilikuwa naweka chai mbali, nasubiri aiite. "Chai" ilikuja mwezi Desemba. Moyo wake ulikuwa na siku nzuri na siku mbaya, dawa aliendelea nazo, na daktari alitutahadharisha kwamba mkono wa kulia huenda usirudi, na kweli haukurudi. Ila kile kitu kimoja Kocha alichomuuliza siku ya kwanza alikuja akakijibu, alikinyooshea kidole, ilikuwa simu. Jumapili tarehe 24 Machi 2019 simu ililia mezani, mimi nikainuka, akanipiga jicho nikakaa. Aliivuta kwa mkono wa kushoto, akaigeuza mara mbili, akaiweka sikioni, akasema, wazi, "Hallo. Nani mwenzangu?" Binti yetu aliyekuwa upande wa pili alishindwa kutaja jina lake kwa kilio, nami nikalia naye. Wapo hapa waliosikia kilio kile kupitia dirishani.

Mwaka 2020 ukumbi ulifungwa kweli kwa miezi minne kwa sababu ya maradhi yaliyokuwa yameenea, na nilipomwambia hakukubali, akataka kwanza aongee na Kocha mwenyewe. Sikumlaumu. Ulipofunguliwa alirudi na akapewa kazi, kwamba kila mgonjwa mpya aliyeingia na uso wa ukutani aketishwe karibu yake. Maneno yake hayakuzidi sitini au sabini, lakini alijua kukaa na mtu. Nilimwona akiushika mkono wa mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyekataa kusema na mtu yeyote, akautia kwenye unga, akamwambia, "Kanda," na mimi pale mlangoni nikahisi ule mfupa wa samaki kooni, mdogo, umezoeleka. Sikupona wivu. Nilijifunza kuubeba pamoja na chupa ya chai.

Jumanne tarehe 10 Mei 2022, saa tano kasoro, wakiwa wanakanda, dada aliinamisha kichwa kwenye bega la Mama Tanuri, na Mama Tanuri akadhani anatania. Kilikuwa kiharusi cha pili. Alivushwa uwanja tu kupelekwa wodini, na madaktari walijitahidi siku mbili.

Alhamisi asubuhi walituita. Mimi nilikuwa nimekwenda kubadilisha nguo, na nilipofika nilimkuta Mama Tanuri ameshakaa, kwenye kiti cha upande wa kushoto wa kitanda, ameshika ule mkono wa kushoto, ule wenye hisia. Kwangu kulikuwa kumebaki upande wa kulia. Nilikaa, nikaushika mkono wa kulia, ambao kwa miaka minne haukujua joto wala baridi, na nikafikiri, hata leo. Nadhani uso wangu ulisema. Mama Tanuri alinitazama juu ya kitanda kile. Kisha akashika fimbo, akajiinua, nikamwambia kaa, hakukaa, akakizunguka kitanda chote, nilihesabu hatua kumi na nne, akafika nilipo, akaniambia, "Nenda kule. Huku nitakaa mimi. Mimi alishanisikia."

Nilikwenda. Niliushika mkono wa kushoto wa dada yangu, ukanibana, mara moja, siyo kwa nguvu, na kama alijua ni mimi au alidhani bado ni mwenzake sijui, na sitajua. Alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi, tarehe 12 Mei 2022, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari wake na wauguzi wa wodi, waliosema naye yeye badala ya kusema juu yake, na wafanyakazi wa dobi, waliovumilia kelele zetu, na majirani zetu fundi viatu na muuza vitabu, ambao migongo yao tunaiomba msamaha, na wenzake wa swichibodi waliokuja na ua moja kila mmoja. Kocha, tunakushukuru kwa raba zako na kwa siku ile uliponikalisha juu ya mikono yangu. Wote ambao sikuwataja, msinihesabie, nimezeeka.

Na wewe Mama Tanuri, uliyekaa pale nyuma kabisa kana kwamba wewe ni mgeni tu, naomba uletewe kiti hapa mbele, kwenye safu ya ndugu. Jumanne saa tatu na nusu nitakuwa mlangoni kwako na chupa ya chai. Viatu utavaa mwenyewe, nami nitakaa nikungoje, hata kama ni saa nzima, kisha tutakwenda ukumbini, na kwenye lile beseni nitatia mkono wangu wa kushoto, ingawa sijui kukanda.

Dada yangu, umesikia. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.